Nani Analipia Homa ya Mtoto wa Nyakach?

Tuseme ni saa saba usiku katika kijiji kimoja karibu na Katito, Nyakach, na mtoto wa miaka mitatu ameamka mwili ukichemka. Baba yuko kazini Nairobi, mwendeshaji wa bodaboda anayefahamika hashiki simu, na zahanati iliyo karibu haitafunguliwa hadi asubuhi. Mama anampigia nyamrerwa, jina ambalo Waluo wengi humwita mhamasishaji wa afya ya jamii, na kwa bahati nyumba yake haiko mbali. Nyamrerwa anafika na mkoba mgongoni, anamdunga mtoto kidoleni, anadondosha tone la damu kwenye kipimo, na kungoja robo saa mpaka mistari miwili ijitokeze. Ni malaria. Anampa mama vidonge vya siku tatu, anahakikisha dozi ya kwanza imemezwa mbele yake, anaingiza taarifa kwenye simu, kisha anaandika karatasi ya rufaa na kueleza dalili ambazo zikionekana, itabidi mtoto akimbizwe hospitalini bila kungoja kupambazuke.

Anayetazama kwa mbali huona hapo kazi ya mtu mmoja mwenye moyo mwema, na kweli moyo huo ndio uliomtoa kitandani. Lakini mkoba aliobeba, kipimo alichotumia, vidonge alivyotoa, simu aliyoandikia, mafunzo yanayomwezesha kutenganisha homa ya kawaida na dalili za hatari, na posho inayomfanya aache jembe lake siku kadhaa kila wiki, vyote vina walipaji, na walipaji hao ni mbalimbali. Baadhi ni serikali ya kitaifa, baadhi ni kaunti, na baadhi ni mashirika yasiyo ya kiserikali ambayo mama huyo hajawahi kuyasikia. Mmoja wao akiondoa mkono wake, huduma haikatiki yote kwa mara moja. Hukatika kipande kimoja, na wananchi hubaki wakilaumiana na muuguzi ambaye hana kosa. Ndiyo maana nimeona ni vyema kufuata homa hii ya usiku mmoja, kitu baada ya kitu, na kuuliza kila kimoja ni cha nani.

Ngazi iliyokaa bila mwenyewe

Huduma za afya nchini Kenya zimepangwa kwa ngazi sita. Ya kwanza ni jamii yenyewe, yaani nyumbani kwa watu; ya pili ni zahanati; ya tatu ni kituo cha afya; ya nne ni hospitali ya kaunti ndogo; ya tano ni hospitali ya rufaa ya kaunti; na ya sita ni hospitali za rufaa za kitaifa. Wakazi wa Kisumu wanaifahamu zaidi Hospitali ya Mafunzo na Rufaa ya Jaramogi Oginga Odinga, ambayo wazee wangali wakiiita Russia kwa kuwa ilijengwa kwa msaada wa Muungano wa Kisovieti katika miaka ya 1960. Si ajabu kumkuta pale mtu aliyetoka mbali kwa ajili ya kikohozi, akiwa amezipita zahanati mbili njiani, kwa sababu mara ya mwisho alipoingia zahanati aliambiwa dawa zimekwisha. Foleni ndefu ya hospitali kubwa, mara nyingi, ni dalili ya ugonjwa ulioko kwenye ngazi za chini.

Katiba ya mwaka 2010, katika kifungu cha 43, inampa kila mtu haki ya kupata kiwango cha juu kabisa cha afya kinachowezekana, na inakataza mtu yeyote kunyimwa matibabu ya dharura. Katiba hiyo hiyo iligawa kazi: vituo vya afya vya kaunti, ambulensi na huduma za afya ya msingi zikawa jukumu la serikali za kaunti, zilizoanza kazi mwaka 2013, huku sera na hospitali za rufaa za kitaifa zikibaki kwa serikali ya kitaifa. Kwa hiyo muuguzi wa zahanati ya umma pale Nyakach ni mwajiriwa wa Kaunti ya Kisumu, na anayetaka kujua kwa nini zahanati ina muuguzi mmoja badala ya watatu hana sababu ya kumwandikia waziri aliye Nairobi.

Ngazi ya kwanza, hata hivyo, ilikaa miaka mingi bila mwenyewe. Mkutano wa Alma-Ata wa mwaka 1978 ulitangaza afya ya msingi kuwa njia ya kufikisha matibabu kwa wote, na eneo hili la magharibi halikuchelewa kulijaribu wazo hilo. Huko Saradidi, Asembo, katika Siaya ya leo, mradi wa afya uliochipuka kanisani uliwafundisha wanavijiji kuwahudumia majirani zao, na mwanzoni mwa miaka ya 1980 wasaidizi wa afya wa vijiji walikuwa wakigawa klorokwini kwa wagonjwa wa malaria. Kwa hiyo anayeshangaa kumwona nyamrerwa akipima malaria kana kwamba ni jambo la jana ajue kwamba nyanya zetu waliona jambo la namna hiyo zaidi ya miaka 40 iliyopita. Tatizo halikuwa wazo. Tatizo lilikuwa kwamba miradi ya aina hiyo iliishi kadiri mfadhili wake alivyoishi, na mfadhili alipoondoka, wasaidizi wa vijiji walibaki na vyeti ukutani.

Mwaka 2006 serikali ilitoa Mkakati wa Afya ya Jamii, uliopanga nchi katika vitengo vya afya ya jamii, kila kimoja kikihudumia watu wapatao 5,000. Mpango wa kwanza ulimkabidhi kila mhudumu kaya 20. Baadaye hesabu ilibadilishwa, na leo mhamasishaji mmoja hutarajiwa kuzitembelea takriban kaya 100. Kwa miaka mingi watu hawa waliitwa wahudumu wa kujitolea, na neno hilo lilificha jambo zito. Wengi wao ni wanawake wenye mashamba, vibanda vya samaki na wajukuu wa kulea, na taifa zima lilitegemea saa zao bila kuziandikia senti katika bajeti. Kaunti chache zilianza kuwalipa kwa hiari yake, nyingine ziliwaachia mashirika, na mahali pengine hawakulipwa na yeyote.

Shilingi 5,000 na hesabu yake

Mabadiliko makubwa yalikuja mwaka 2023. Mwezi Septemba serikali ya kitaifa ilizindua jeshi la wahamasishaji wa afya ya jamii wapatao 100,000 na kuwapa mikoba yenye vifaa kama vile mashine ya kupimia shinikizo la damu, kipimajoto, mizani, na kipimo cha sukari. Mwezi uliofuata zilitiwa saini sheria nne za afya, mojawapo ikiwa Sheria ya Afya ya Msingi ya mwaka 2023, ambayo kwa mara ya kwanza ilimpa mhamasishaji nafasi ndani ya sheria ya nchi. Posho iliwekwa kuwa Sh5,000 kwa mwezi, nusu kutoka serikali ya kitaifa na nusu kutoka kaunti.

Hesabu hii inafaa ifanywe taratibu. Sh5,000 kwa kaya 100 ni Sh50 kwa kila kaya kwa mwezi. Kwa nchi nzima ni takriban Sh6 bilioni kwa mwaka, ambapo Sh3 bilioni ni mzigo wa kaunti zote 47 kwa pamoja. Ukilinganisha na gharama ya kumlaza mtoto mwenye malaria kali inayohitaji kuongezewa damu, pesa hizo si nyingi. Lakini kwa yule anayelipwa ni chini ya Sh170 kwa siku, kiasi kinachoweza kumalizikia kwenye bodaboda ya kumpeleka mama mjamzito hospitalini. Tena kugawa posho katikati baina ya serikali mbili kuna udhaifu wake: upande mmoja ukichelewa, mwingine huonekana kana kwamba nao haulipi, na kaunti kadhaa zimewahi kuwakalisha wahamasishaji wao miezi bila nusu yao. Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa mwaka 2018, lilipendekeza kwamba wahudumu wa jamii walipwe kulingana na kazi wanayofanya na saa wanazotumia. Kwa maoni yangu, Sh5,000 ni mwanzo wa kulitambua deni hilo, na si malipo yake.

Kuna pia swali la nani anamsimamia. Mhamasishaji huripoti kwa afisa msaidizi wa afya ya jamii, ambaye ni mwajiriwa mwenye mafunzo na mara nyingi ana makao yake zahanatini. Afisa huyu akiwa na kitengo kimoja na pikipiki yenye mafuta, humtembelea mhamasishaji, humwona akipima, humsahihisha. Akiwa na vitengo vitatu na nauli yake mwenyewe, husimamia kwa simu. Usimamizi ni kitu kisichopigwa picha wala kukatiwa utepe, na ndiyo sababu hukosa mfadhili upesi kuliko mikoba na fulana.

Kipimo, vidonge na simu

Kaunti zinazozunguka Ziwa Viktoria ndizo zenye malaria nyingi zaidi nchini. Uchunguzi wa kitaifa wa mwaka 2020 ulionyesha kwamba katika ukanda wa ziwa asilimia 19 ya watoto waliopimwa walikuwa na vimelea vya malaria, ilhali wastani wa nchi ulikuwa asilimia 6. Ndiyo maana wahamasishaji wa huku waliruhusiwa kupima na kutibu malaria isiyo kali nyumbani, na ndiyo maana chanjo ya kwanza ya malaria ilianza kutolewa nchini katika Kaunti ya Homa Bay, mwezi Septemba 2019.

Vipimo na vidonge hivyo, kwa sehemu kubwa, havikununuliwa na kodi ya Mkenya. Vimeletwa kwa miaka mingi na Mfuko wa Kimataifa wa kupambana na UKIMWI, kifua kikuu na malaria, ulioanzishwa mwaka 2002, na mpango wa malaria wa rais wa Marekani ulioanza mwaka 2005. Hupitia kwenye maghala, hufika zahanatini, na mhamasishaji hupewa fungu lake kutoka hapo. Hapa ndipo mnyororo hukatika mara nyingi kimyakimya. Zahanati ikipokea vipimo vichache, muuguzi huvibakiza vyote kwa wagonjwa waliokwisha kufika mlangoni, na mhamasishaji hurudi kijijini na mkoba mtupu. Anapoulizwa na majirani, hana la kusema ila waende zahanati, na baada ya mara tatu nne hawamwamshi tena usiku. Imani ya watu kwa mhudumu wao huisha polepole kwa namna hii, na kuirejesha huchukua muda mrefu kuliko kuleta katoni nyingine ya vipimo.

Simu nayo ina hadithi yake. Taarifa za kaya sasa huingizwa katika mfumo wa kielektroniki wa kitaifa wa afya ya jamii, ambao programu yake ilijengwa juu ya msingi uliotengenezwa na shirika lisilo la faida liitwalo Medic na kutolewa bure kwa yeyote kuutumia. Mfumo humkumbusha mhamasishaji mama yupi amekosa kliniki na mtoto yupi hajachanjwa. Ni chombo kizuri mno pale ambapo simu inawaka, na ni hasara pale ambapo kioo kimepasuka na hakuna aliyetengewa pesa za kukitengeneza, kwa kuwa daftari la karatasi lilikwisha kuwekwa kando.

Zahanati yenyewe

Kukipambazuka na homa haijashuka, mama atakwenda zahanati. Jengo huenda lilijengwa kwa pesa za Mfuko wa Maendeleo ya Maeneobunge, ulioanza mwaka 2003 na kuacha majengo mengi vijijini, mengine yakikaa miaka na kufuli mlangoni kwa sababu kujenga ukuta ni rahisi kuliko kuajiri. Muuguzi ni wa kaunti. Mwaka 2017, wauguzi wa umma walipogoma kwa takriban miezi mitano, vijiji vingi vya magharibi vilibaki na hospitali za misheni na maduka ya dawa tu, na wahamasishaji waliendelea kutembea nyumba kwa nyumba wakiwa hawana mahali pa kumpeleka mgonjwa. Nalitaja hilo kwa sababu wako wanaodhani kwamba mhudumu wa jamii anaweza kuwa badala ya zahanati. Hawezi. Rufaa isiyo na pa kupokelewa ni karatasi tu.

Ada za matibabu katika zahanati na vituo vya afya vya umma ziliondolewa mwaka 2013, na tangu hapo swali likawa zahanati itapata wapi pesa za sabuni, umeme na mshahara wa mfagiaji. Pesa zilizokusanywa na hospitali nazo ziliingia katika mfuko mkuu wa kaunti na kurudi kwa kuchelewa, au zisirudi. Sheria ya mwaka 2023 kuhusu mapato ya vituo vya afya ilikusudia kuliondoa tatizo hilo kwa kuviruhusu vituo vibakize mapato yake na kuyatumia papo hapo chini ya kamati zenye wajumbe wa wananchi. Kwa mwananchi wa kawaida sheria hii ina uzito kuliko nyingi zinazopigiwa kelele, maana kamati ya zahanati ndipo mahali pekee anapoweza kukaa meza moja na aliyeshika daftari la pesa.

Kisha kuna SHA, Mamlaka ya Afya ya Jamii iliyochukua nafasi ya NHIF, mfuko wa zamani wa taifa wa bima ya hospitali, tarehe 1 Oktoba 2024. Watu wengi huchanganya mifuko yake mitatu. Mfuko wa Afya ya Msingi hulipwa na serikali na ndio unaogharamia matibabu ya ngazi za chini, bila mwananchi kuhitaji kuwa amelipa mchango. Anachotakiwa ni kuwa amejiandikisha. Mfuko wa Bima ya Afya ya Jamii ndio wa michango, asilimia 2.75 ya mshahara kwa walioajiriwa, na usiopungua Sh300 kwa mwezi, nao hugharamia zaidi kulazwa. Wa tatu ni wa dharura na magonjwa sugu. Kwa hiyo mama wa Nyakach akiambiwa zahanatini kwamba hatatibiwa homa ya mtoto kwa sababu hajalipa mchango wa mwaka, ameambiwa lisilo sahihi. Lakini mtoto akihitaji kulazwa na kuongezewa damu, mchango utaulizwa, na hapo asiye na mshahara hukutana na ugumu wa kutakiwa kutoa pesa ya mwaka mzima kwa pamoja, pesa ambayo muuza omena huipata shilingi hamsini hamsini.

Mashirika yanafanya nini hasa

Mashirika yasiyo ya kiserikali katika afya ya eneo hili ni ya zamani kuliko serikali tuliyo nayo. Wamisionari wa Quaker walifika Kaimosi mwaka 1902, wale wa Kianglikana wakapiga kambi Maseno miaka michache baadaye, na hospitali zilizotokana na kazi hiyo zingali zikipokea wagonjwa. AMREF ilianzishwa Nairobi mwaka 1957 ikijulikana kwa madaktari wake wa ndege, kisha ikageukia zaidi mafunzo ya wahudumu na afya ya jamii. AMPATH, inayounganisha Chuo Kikuu cha Moi, Hospitali ya Mafunzo na Rufaa ya Moi pale Eldoret na vyuo vikuu vya nje vikiongozwa na Indiana, ilianza mwaka 2001 wakati UKIMWI ulipokuwa ukimaliza wodi nzima. Kisumu ni makao ya KMET, inayojulikana zaidi kwa afya ya uzazi, na Living Goods imekuwa ikifanya kazi na serikali za kaunti kuwawezesha wahamasishaji.

Mfano ninaoupenda zaidi uko Lwala, Kaunti ya Migori. Ndugu wawili, Milton na Fred Ochieng', walikwenda Marekani kusomea udaktari, na kijiji kiliuza mifugo ili tikiti ya ndege ya yule mkubwa ipatikane. Wazazi wao walikufa kwa UKIMWI kabla ya masomo kukamilika. Mwaka 2007 zahanati aliyoianza baba yao kuijenga ilifunguliwa, na shirika lililokua kutokana nayo likafanya jambo ambalo wengi waliliogopa: liliwachukua wakunga wa jadi, waliokuwa wakilaumiwa kwa vifo vya akina mama, likawafundisha na kuwalipa kama wahudumu wa afya ya jamii, kazi yao ikawa kumsindikiza mjamzito hospitalini badala ya kumzalisha nyumbani. Yule ambaye akina mama walikuwa wakimwamini tayari hakushindanishwa na hospitali, bali aligeuzwa kuwa njia ya kufika huko.

Ili kuona thamani ya uamuzi huo, inafaa kukumbuka maelezo ya watafiti Serene Thaddeus na Deborah Maine, walioandika mwaka 1994 kwamba mama mjamzito hufa kwa kucheleweshwa mara tatu: kuchelewa kuamua kutafuta msaada, kuchelewa kufika, na kuchelewa kuhudumiwa akishafika. Kuchelewa kwa tatu huonekana, kwa sababu hutokea ndani ya jengo lenye rejista. Kule kwa kwanza hutokea jikoni, mama mkwe akisema tungoje kidogo, na kule kwa pili hutokea barabarani, matope ya Nyando yakiwa yamemeza gurudumu la pikipiki. Bajeti za serikali huelekea kwenye majengo. Mashirika mazuri yamekuwa yakielekea jikoni na barabarani. AMPATH, kwa mfano, ilianzisha mwaka 2012 huko Port Victoria, Kaunti ya Busia, vikundi viitwavyo Chama cha MamaToto, ambapo wajawazito na mama wachanga hukutana chini ya uongozi wa mhudumu wa jamii, wakajifunza dalili za hatari na papo hapo wakachangiana akiba. Akina mama wetu wamekuwa na vyama tangu zamani. Kilichoongezwa ni somo la afya na pesa ya nauli iliyowekwa kabla uchungu haujaanza.

Upande wa pili nao lazima usemwe. Kwa miaka mingi mashirika mengi yalijenga mifumo yao pembeni mwa mfumo wa umma, yakiwa na rejista zao, stoo zao za dawa, magari yao na mishahara mikubwa kuliko ya kaunti, hata muuguzi hodari wa zahanati akavutwa kwenda kuwa karani wa mradi. Mhamasishaji mmoja aliweza kujaza fomu za malaria, za lishe na za UKIMWI, kila moja ikiwa ya mfadhili wake, na zote zikiuliza jina la kaya ile ile. Yalifanyika kwa nia njema na kwa haraka, kwa kuwa watu walikuwa wakifa na serikali haikuwa tayari. Gharama yake ilijulikana baadaye.

Januari 2025

Tarehe 20 Januari 2025 rais wa Marekani alitia saini amri ya kusimamisha misaada ya nje kwa siku 90, na siku chache baadaye miradi iliyofadhiliwa na USAID, shirika la Marekani la misaada ya nje, ikaamriwa kuacha kazi. Kufikia tarehe 1 Julai mwaka huo shirika lenyewe lilikuwa limefungwa. Siaya, Kisumu, Homa Bay na Migori, zilizo miongoni mwa kaunti zenye maambukizi mengi zaidi ya virusi vya UKIMWI nchini, zilikuwa zimetegemea fedha za Marekani tangu PEPFAR, mpango wa Marekani wa kupambana na UKIMWI, ulipoanza mwaka 2003. Wauguzi wa kandarasi, makarani wa takwimu, mama washauri wanaowaongoza wajawazito wenye virusi, na waelimishaji rika walirudishwa nyumbani wengi wao kwa barua moja. Kliniki za UKIMWI zilizokuwa na mlango wake zikaanza kuunganishwa na huduma za kawaida za wagonjwa wa nje.

Kilichodumu na kilichoanguka katika miezi hiyo kinafundisha kuliko ripoti yoyote ya tathmini. Pale ambapo mhudumu alikuwa kwenye orodha ya malipo ya kaunti na shirika lilikuwa likimwongezea mafunzo na usafiri tu, alirudi kazini Jumatatu, akiwa na dhiki lakini akiwa kazini. Pale ambapo mshahara, rejista na hata ufunguo wa kabati la dawa vilikuwa vya mradi, wagonjwa walikuta mlango umefungwa na hakuna ajuaye nani alikuwa amekosa dozi. Kuunganisha kliniki kungeweza kuwa jambo jema, na wataalamu walikwisha kulishauri. Lakini kuunganisha kwa amri, bila siku moja ya maandalizi, kulimfanya mgonjwa aliyezoea faragha asimame kwenye foleni ya watu wote, na baadhi yao walichagua kutosimama kabisa.

Hapa ndipo nyamrerwa alionekana thamani yake. Yeye anajua nyumba ipi ina dawa zinazomezwa saa tatu usiku, na anajua kulitaja jambo hilo bila kulitaja. Katika mafuriko ya Aprili na Mei 2024, tambarare ya Kano ilipofunikwa na maji na familia kuhamia shuleni, maarifa ya namna hiyo ndiyo yaliyohitajika: nani ana mimba ya miezi minane, nani ameacha kadi na dawa ndani ya nyumba iliyozama. Rejista za mradi zikifungiwa, mtu huyo hubaki kuwa rejista pekee.

Kwa hiyo ninapoulizwa jinsi ya kulipima shirika la afya linaloingia kijijini, huwa siulizi kwanza limetibu wangapi. Nauliza anayefanya kazi analipwa kupitia orodha ya nani, taarifa zinaingia rejista ya nani, na mkataba na kaunti unasema nini kuhusu siku ya kuondoka. Sheria ya Mashirika ya Manufaa ya Umma ya mwaka 2013, iliyongoja zaidi ya miaka kumi mpaka ilipoanza kutumika Mei 2024, inayataka mashirika yawasilishe taarifa za kazi na hesabu zilizokaguliwa. Ni msingi mzuri, ila hesabu zilizokaguliwa hazimwambii mzee wa kijiji kwamba mradi unaisha Juni. Hilo linafaa lisemwe barazani mwaka mmoja kabla, si wiki moja kabla.

Na ipo kazi ambayo mashirika machache huifanya ingawa haigharimu nyingi, nayo ni kuwapeleka wananchi kwenye bajeti. Kwa mujibu wa Sheria ya Usimamizi wa Fedha za Umma ya mwaka 2012, mpango wa maendeleo wa mwaka wa kaunti hufikishwa katika bunge la kaunti kufikia tarehe 1 Septemba, waraka wa mkakati wa fedha kufikia tarehe 28 Februari, na makadirio ya bajeti kufikia tarehe 30 Aprili, na katika mchakato huo wananchi wana haki ya kusikizwa. Vikao vya wadi huwa na watu wengi wanaodai barabara. Ni nadra kusikia mtu akisimama na kutaja vitu vinne kwa majina yake: nusu ya posho ya wahamasishaji inayotoka kaunti, mafuta ya pikipiki ya afisa wa afya ya jamii, vipimo vya malaria vya akiba kwa miezi ambayo shehena ya wafadhili huchelewa, na dereva wa zamu ya usiku wa ambulensi ya kaunti ndogo. Kila kimoja kina mahali pake katika makadirio, na kikikosekana Aprili, hakitakuwamo kwenye mkoba usiku ule wa Katito.